Mama Mkwe Alikaa Mlangoni Pale pa Baga

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyenifungia. Na bado nilikaa saa nzima mbele ya baga ambayo sikuweza kuila, wala kuiacha niende zangu.

Mimi ni Muasya, fundi wa mjengo hapa Kaloleni, Voi. Niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo nitaeleza tu vile ilivyokuwa.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mke wangu Mumbe alinihama. Hatukupigana. Mama yake ana ugonjwa wa sukari na anaishi peke yake, na Mumbe alitaka tumlete kwetu.

Nikakataa katakata. Sisi ni Wakamba. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni na hawali pamoja. Wakikutana njiani, kila mmoja anaingia kichaka chake. Sasa nilale naye chini ya bati moja?

"Basi nitaenda mimi kwake," Mumbe akasema. Akaenda.

Jumamosi nikapata meseji kutoka kwa namba yake. "Njoo pale pa baga saa saba. Uje peke yako. Tuongee."

Nikavaa shati la harusi.

Mahali penyewe ni pembamba kama behewa. Nilichagua meza ya mwisho, karibu na choo, mafundi wenzangu wasinione. Baga ikaletwa juu ya kibao, eti sahani zimepitwa na wakati. Ndefu, imechomwa kijiti katikati isianguke. Nyumba ya namna hiyo mimi nisingeipitisha.

Nikafungua mdomo wote.

Hapo ndipo mama mkwe akaingia.

Macho yakagongana. Nikafunga mdomo. Yeye akajitanda leso hadi usoni, akaketi meza ya mlangoni, akatazama ukuta.

Nikangoja atoke. Hakutoka. Mlango uko hatua mbili nyuma yake, na hatoki! Mimi nilikuwa na njia moja tu, na ilipita kando ya magoti yake.

Nikampigia Mumbe. Simu imezimwa.

Msichana anayehudumu, Ruweida, akanijia. "Baba, baga haiogopwi. Ishike kwa mikono miwili."

"Siogopi baga. Yule mama ni mkwe wangu."

"Mashallah! Si ukakae naye?"

"Heri nitokee dirishani."

"Dirisha lina vyuma, baba yangu."

Mama mkwe naye akaagiza. Kisha nikamwona amejikunja, mkono umeingia chini ya leso. Nikajua ni sindano ya sukari. Mumbe alishaniambia: akishajidunga lazima ale haraka, la sivyo anazimia.

Chakula chake kikaja. Hakukigusa. Hawezi kutafuna mbele yangu, kama mimi nisivyoweza mbele yake.

Dakika zikaenda. Mkono wake ukaanza kutetemeka juu ya meza. Jasho likamtoka, na feni iko juu ya kichwa chake.

"Ruweida! Mwambie ale. Mwambie nimegeuka." Nikageuza kiti, nikawa uso kwa ukuta.

Akaenda, akarudi. "Asema mgongo pia ni wewe."

Basi. Nikainuka, nikaingia chooni, nikabana komeo.

"Mwambie sipo!" nikapiga kelele.

Nikasimama humo nikitazama vigae. Viliwekwa na mtu mwenye haraka. Moyo wangu ulikuwa kule nje, kwa ule mkono uliotetemeka. Akianguka, nitamwambia Mumbe nini? Kwamba nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nikimheshimu?

Mlango ukagongwa. "Nimempelekea soda, ameimaliza, baba. Sasa anakula. Asema nawe ule, mkwe hashindi njaa." Ruweida akanipitishia baga kwenye upenyo.

Nikaila nimesimama, mchuzi ukishuka kwenye shati la harusi. Ilikuwa tamu, nisiwadanganye.

Baadaye nikasikia nyayo za pole pole. Zikasimama nje ya mlango.

"Baba Kituku."

Aliniita kwa jina la mwanangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sauti ile sikuwahi kuisikia karibu hivyo.

"Naam, mama."

"Meseji niliandika mimi. Mumbe hajui. Simu yake ninayo hapa, nimeizima. Nilitaka kukwambia umchukue mkeo, mimi nitajikaza peke yangu. Nilikuja na maneno yote. Nilipouona uso wako, yakaisha."

Kumbe tulionaswa tulikuwa wawili, na mtego aliutega yeye mwenyewe.

Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango. Ajikaze peke yake? Leo Ruweida alikuwapo. Kule kwake, nani angemletea soda?

"Mama, mimi ni fundi. Nitakujengea chumba ubavuni mwa nyumba yangu. Ukuta wa mawe. Mlango wako utatazama mlima wa Sagalla, wangu utatazama barabara. Hatutaonana. Lakini ukianguka, nitasikia."

Nyayo zikasogea kidogo. Nikadhani ameenda.

"Weka dirisha kubwa," akasema.

Mumbe alirudi wiki hiyo hiyo. Mama huu ni mwezi wake wa saba kwetu. Kila asubuhi hugonga ukuta mara moja: amekula. Nami nagonga mara moja: nimesikia. Uso wake sijauona tena.

Mila yetu sijaitupa, msinielewe vibaya. Nimejifunza hili tu: ukikataa jambo ukisema mila imekataa, jiangalie vizuri. Huenda mila haijasema kitu. Ni wewe umekuwa mvivu wa kufikiri.