Nilivyokataa Kuwa Kijani

Niliambiwa mimi ni kijani, nikasema sikubali. Nilisema kimoyomoyo, maana ukumbi ulikuwa umejaa na sir, meneja wetu, alikuwa amesimama mbele akitabasamu kama bwana harusi. Lakini nilisema.

Ilikuwa Jumapili, siku yetu ya pekee ya kufua na kulala, nasi tumekusanywa kwenye hoteli moja pale Al Rigga, Dubai, kwa mafunzo ya kazi, kila mtu na kikombe chake cha chai isiyokolea. Mkufunzi alitugawia maswali, tukajibu, akayapitisha kwenye kompyuta yake na kurudi na rangi zetu, kila mtu na utepe wake wa kuvaa shingoni. Nyekundu ni mtu wa kuongoza. Manjano ni mtu wa maneno na vicheko. Buluu ni mtu wa utaratibu, hataki makosa. Kijani ni mtu wa amani, anayependa kusaidia na kufuata. Mkijua rangi za wenzenu, alisema, mtaacha kugongana kazini. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi ulianza sir aliposhika kipaza sauti na kutangaza kwamba chumba baridi kipya cha dawa, katika ghala letu la Jebel Ali, kitapata msimamizi kutoka kwa wale wekundu.

Kazi ile nilikuwa naitaka. Sioni haya kusema. Kwa miaka nimepanga zamu, nimejua nani ana mgongo mbovu asipewe masanduku mazito, nimefundisha wageni ambao baadaye wamekuwa wasimamizi wangu. Kazi nilikuwa naifanya, cheo sina. Safari hii nilikiona kabisa kinakuja, halafu rangi ikajiweka katikati.

Nimekuwaje kijani? Jibu nililipata kwenye treni ya metro tukirudi. Swali la kwanza liliuliza: unaongoza watu vizuri? Majibu yalikuwa hapana, kiasi, vizuri, vizuri sana. Sasa mimi ni mtu wa Mombasa. Nimelelewa katika nyumba ambayo mpishi wa biriani inayogombaniwa na mtaa mzima, ukimsifu, husema, "Tumejaribu tu, mtatusamehe." Kwetu mtu akijisifu mwenyewe, wengine hutazamana. Kwa hiyo niliweka kiasi. Unazungumza vizuri mbele za watu? Kiasi. Una uamuzi wa haraka? Kiasi. Nilijibu kwa adabu, na kompyuta haijui adabu.

Sikuwa peke yangu. Kando yangu alikaa mzee wa Unguja tunayefanya naye kazi, ambaye ghala zima humwita ami. Yeye hupokea mizigo inayorudishwa, na hakuna kasoro inayompita. Shingoni alikuwa na utepe wa kijani.

"Ami, na wewe pia?"

"Na mimi, mwanangu. Wameniuliza kama mimi hodari. Sasa niseme nini, ndiyo, mimi hodari? Si nitachekwa!"

Tulicheka mpaka abiria wakageuka. Pwani nzima ilikuwa kijani siku ile.

Mwekundu wa timu yetu alikuwa dada wa Uganda anayeendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo. Aliulizwa kama anaongoza vizuri, akaweka vizuri sana, kwa kuwa ameulizwa. Na hapa lazima niseme ukweli: nilikuwa simpendi. Asubuhi naingia ghalani na salamu zangu, hujambo huyu, umeamkaje yule, watoto je, huku natembea, maana kwetu salamu haimsimamishi mtu. Yeye ananiangalia kutoka juu ya mashine yake na kusema, "Sogeza hiyo paleti ya masanduku." Hana hujambo, hana tafadhali. Eti huyo ndiye aniongoze mimi!

Jumatatu nilibisha hodi kwa sir. Nikamwambia tumejibu vibaya, kwamba wengine wetu hatuwezi kujisemea, kwa hiyo atuulize kila mmoja habari za mwenzake.

"Mafunzo khalas, yamekwisha, sister," akasema bila kuinua macho.

Kesho yake nikarudi. Akaniambia ana mkutano. Siku iliyofuata nikamkuta kantini, nikasimama mpaka akamaliza wali wake. Ami aliniomba niache nisije nikafukuzwa. Nikamwambia nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimesema. Sir aliponiona tena mlangoni kwake aliinua mikono yote miwili.

"Yalla, yalla! Leo wakati wa chai. Timu yako tu, na iwe haraka."

Tukakaa sisi watatu kwa duara juu ya paleti tupu za mbao, karibu na mlango wa kupakilia mizigo. Sir akasema kila mtu amzungumzie aliye kulia kwake. Kulia kwangu alikuwa ami. Kulia kwa ami alikuwa dada wa Uganda. Kulia kwa yule dada nilikuwa mimi. Nilikuwa nimehangaika kuitafuta nafasi ile na sikufikiria nani atakaa wapi. Sasa cheo changu kilikuwa mdomoni mwa mtu nisiyeivana naye.

Ami nilimsema vizuri, haikuwa taabu. Naye akamsema yule dada, "Huyu bibie haongei. Lakini tangu ashike ile mashine hajamgusa mtu wala ukuta. Akinipita karibu, mimi sina hofu." Dada akainamisha kichwa. Kisha akaweka kikombe chini.

Alianza kwa Kiingereza, polepole, ili sir asikie. Alisema mimi najua nani anaumwa kabla hajalalamika. Alisema lori likichelewa watu hawaendi kwa sir, wanakuja kwangu, hata yeye. Halafu akanigeukia na Kiswahili chake, akiniita nyabo, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Lakini mimi hunipendi, nyabo. Kila asubuhi unaniuliza habari. Kabla nijibu, umeenda kwa mwingine. Kwetu mtu akiuliza habari, anangoja. Mwanamke anapiga magoti, anauliza nyumba yote, watoto, shamba. Unajibu, na wewe unamuuliza. Hapa kwa saruji siwezi kupiga magoti. Na nusu salamu siwezi. Basi nikaacha."

Kwanza nilikasirika, kwa sababu salamu zangu nimezirithi na nazipenda. Kisha nikamwangalia usoni na hasira ikaniishia. Siku zote nilimwona ana kiburi kwa kuwa hanisalimu, naye aliniona nina dharau kwa kuwa namsalimu.

Sir alikuwa anatazama saa. "Sasa chumba baridi nimpe nani?"

"Mimi niachie mashine, sir," akasema yule dada. "Watu mpe yeye."

Sir akaitikia kwa kichwa taratibu, akanielekezea kalamu. "Wewe basi. Wiki ijayo, inshallah."

"Inshallah, sir," nikasema. "Nitakuja kuweka sahihi leo hii." Akacheka, lakini saa ya kutoka alinikuta nimesimama mlangoni kwake, na sahihi niliiweka. Utepe wangu ulibaki kijani, hakuna aliyekumbuka kuubadilisha.

Asubuhi yangu ya kwanza ya usimamizi nilivaa koti zito la chumba baridi na kwenda moja kwa moja kwenye foklifti.

"Habari ya asubuhi?"

Akazima mashine. Kwetu ghalani mashine haizimwi asubuhi, malori yakiwa yamejipanga nje. Akashuka. Akaanza na mama yake ambaye mguu unamsumbua, akaja kwa mwanawe aliyeanza shule na anakataa viatu, akafika shambani kwenye migomba na mvua iliyochelewa. Lori likapiga honi. Ami akanitazama kwa mbali. Miguu yangu ilitaka kwenda kama ilivyozoea, nikaikaza palepale.

"Na wewe," akaniuliza, "kwenu wote wazima?"

Akaningoja. Tangu nifike Dubai nimeulizwa hivyo mara nyingi na nimejibu wazima, wazima, huku napita. Hakuna aliyekuwa amesimama kusikia. Lori likapiga honi tena. Nikaanza na mama.