Maziwa Yenye Chembe za Makaa

Kuna siku moja, mwanangu, haijawahi kunitoka. Hata nikisinzia hapa karibu na jiko naiona ikija yenyewe, polepole, vile ukungu wa Molo hushuka kutoka msituni bila kuitwa. Nilikuwa msichana. Miaka usiniulize; shule mimi niliiacha darasa la tatu, na siku zile tulihesabu kwa mvua na kwa ng'ombe waliozaa. Najua tu nilikuwa na gauni moja la maua, na nilijiona mkubwa sana.

Wageni walikuwa wanakuja kuniangalia. Kwetu, familia ikimtaka msichana, mama wazee ndio walitangulia. Waliketi, wakapewa mursik, haya maziwa yetu tunayolaza kwenye kibuyu kilichopakwa makaa ya mti ndani. Hawakuuliza umesoma mpaka wapi. Walikunywa maziwa yako wakajua wewe ni nani. Mama alikuwa ameniambia mapema, andaa kibuyu chako mwenyewe. Nikaandaa, lakini mikono ilikuwa hapa na mawazo yalikuwa huko ng'ambo ya mlima. Kibuyu sikukiacha kikauke. Maziwa niliyamimina yakiwa bado moto. Asubuhi ya wageni nikafungua kifuniko, na ile harufu iliyotoka, mwanangu, hata paka aliondoka jikoni.

Dada yangu Tapkigen alikuwa na kibuyu chake, kizuri, kimelala siku saba. Naye alikuwa ameenda kuteka maji. Nikakichukua.

Wageni wakanywa, wakasifu. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, mama mwenye meno mawili na blanketi jekundu, alikunywa akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Akayafumbua.

"Msichana, umetumia mti gani?"

"Senetwet," nikajibu haraka, kwa sababu ndio mti niliotumia kwenye changu.

Akatabasamu. "Mwenye hiki kibuyu nisalimie. Mwambie mzeituni wake umekolea vizuri. Sasa niletee chako."

Nilitamani majivu ya jiko yanifunike. Lakini nikaleta, ningefanyaje? Yule mama akajimiminia kikombe kizima, akanywa. Uso ukamkunjamana, machozi yakamlengalenga, na akamaliza mpaka tone la mwisho. Hakuna mtu aliyecheka. Akapangusa mdomo na blanketi, akasema, "Kibuyu hakikukauka. Na maziwa yalikuwa moto. Kesho anza tena." Halafu akawageukia wenzake: "Twendeni. Tutarudi akiwa na chake."

Wakarudi baada ya mavuno. Huyo ndiye alikuja kuwa mama mkwe wangu, na nilimpikia mpaka alipotutoka, na kofia yake ya sufu ndiyo hii unaona nimevaa. Lakini ngoja nisipotelee kwenye kofia.

Ninachotaka kukuambia ni cha mwaka huu. Mjukuu wangu Cherono yuko gredi ya sita, na siku hizi mtihani si wa karatasi peke yake. Mtoto anapewa kazi ya kufanya kwa mikono, mwalimu anamwangalia, anampiga picha, anaingiza alama kwenye kompyuta, na hizo alama zinamfuata mtoto mbele. Mwalimu wao, Mwalimu Wambui, ni msichana mdogo tu aliyezaliwa Nakuru mjini, kule Milimani kwenye miti mizuri. Aliwaambia kila mtoto atafute njia ya kuhifadhi chakula bila friji, aitayarishe nyumbani, halafu aje aieleze mbele ya wazazi na ya wageni kutoka ofisi ya elimu. Shule nzima ilikuwa mbio. Madarasa yakapigwa deki, maua yakamwagiliwa, vyoo vikapakwa chokaa. Nilipita hapo nikadhani ni askofu anakuja.

Cherono akasema, "Kogo, mimi nitafanya mursik." Kogo ndio nyanya kwa lugha yetu. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba. Nikampa kibuyu kidogo, shingo yake imefungwa ushanga wa bluu. Nikamwonyesha vile kijiti cha senetwet kinachomwa kikawa kaa, vile kaa linasagwa ndani ya kibuyu mpaka linakuwa laini kama poda, vile maziwa yanachemshwa na kuachwa yapoe kabisa. Akafanya. Maziwa ya kwanza yakaharibika, tukamwagia mbwa. Ya pili hata mbwa akakataa.

Mama yake, Naomi, akapandwa na joto. Yeye ndiye anahangaika na karo huku baba yao yuko barabarani na lori la viazi.

"Mama, siku zimeisha. Mpatie kibuyu chako aende nacho."

"Ni kazi yake, Naomi."

"Kazi yake! Mama Brayo amenunua sokoni, ameweka kwenye chupa ya soda, na mtoto wake atapita. Huyu wetu ataambiwa yuko chini ya matarajio, na itaandikwa huko kwenye kompyuta mpaka aolewe!"

Unajua mtu akizeeka anaogopa vitu vya kompyuta kuliko radi. Cherono alikuwa amelaza maziwa ya tatu kwenye kile kibuyu na hatukuwa tumekifungua. Nikafikiria wale wageni wa ofisi wakikunja pua, wakimcheka mtoto wangu. Na hapo, mwanangu, mimi niliyechomwa na jambo hili hili nikiwa msichana, nikafanya vile vile. Asubuhi, Cherono akiwa ananawa, nikatoa kile cha bluu kwenye mkoba wake, nikaweka changu cha mzeituni, kilichokaa siku tisa. Kile cha bluu nikakisukuma nyuma ya mlango. Halafu nikatoka kukamua ng'ombe, kwa sababu sikutaka kumwangalia usoni.

Wazazi tuliitwa saa nne. Nilivuka lile shamba la viazi kwenye ukungu, sioni miguu yangu mwenyewe, na ikawa kama natembea ndani ya ile siku ya zamani. Nilidhani nikifika nitamkuta yule mama wa blanketi jekundu ameketi kwenye dawati. Na lile swali lake lilikuwa linanitembelea masikioni: umetumia mti gani? Cherono hajui mzeituni. Nilimfundisha senetwet tu. Nikasimama katikati ya shamba nikajiuliza kama nirudi nyumbani.

Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na Naomi. Watoto wakaitwa mmoja mmoja: wa nyama iliyokaushwa, wa mboga za kukausha, yule wa chupa ya soda. Mwalimu Wambui akamuuliza huyo wa chupa, "Uliweka nini kwanza?" Mtoto akamwangalia mama yake. Mama yake akaangalia dari.

Ikafika zamu ya Cherono. Akainamia mkoba. Mimi nikafumba macho. Nikasikia Mwalimu akiuliza, "Na wewe Cherono, umetumia mti gani?"

"Senetwet, mwalimu."

Nikafungua macho. Juu ya meza kulikuwa na kibuyu kidogo chenye ushanga wa bluu.

Mwalimu akaonja kidogo, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza maishani, maskini. Akatafuna. "Cherono, mbona kuna mchanga?"

Darasa likaangua kicheko. "Si mchanga, mwalimu, ni makaa. Sikusaga vizuri, mkono ulichoka. Mara ya kwanza nilimimina maziwa yakiwa moto. Mara ya pili kibuyu hakikukauka. Hii ya tatu ni makaa peke yake. Ya nne itakuwa sawa."

Mgeni mmoja wa ofisi akacheka, akaandika. Mwalimu akasema ameelewa kila hatua, lakini kwa kinywaji chenyewe leo anakaribia matarajio, hajayafikia. Naomi akapumua kwa nguvu kama ng'ombe. "Si niliwaambia," akaninong'oneza.

Mimi nikainuka. Miguu ilijiinukia yenyewe. Nikaenda mbele, nikaomba kikombe, nikajimiminia. Chembe zilikwaruza meno yangu machache, krr krr, na nikanywa mpaka nikamaliza, huku watoto wakinikodolea macho.

Tukirudi nyumbani Cherono alitembea kando yangu. Halafu akasema, "Kogo, mkoba ulikuwa mzito. Nilifika kwenye ua nikafungua, nikarudi. Chako nimekiweka pale pale nyuma ya mlango." Akafikiria. "Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza," nikasema.

Basi mwanangu, wewe mzazi kijana na wewe mwalimu mnaotayarisha watoto kwa hii mitihani mipya, nasaha yangu ni hii. Mtoto akipewa kazi ya mikono, mwachie mikono yake. Mwonyeshe, kaa karibu naye, mwagieni mbwa maziwa mara mbili kama itabidi, lakini usimwekee chako mkobani. Ukimwekea, umemwambia bila kusema kwamba chake hakitoshi, na hilo atalibeba hata mahali kompyuta haifiki. Na akileta kibaya, usimcheke wala usifiche. Kinywe mbele yake, umalize, halafu mwambie ni nini kilikosekana.

Jioni hiyo nilichukua mabaki ya kile kibuyu cha bluu, nikanyunyiza kifuani mwa Cherono, vile wazee wetu hubariki. Yakaacha madoa madogo meusi kwenye sweta ya shule. Nawe nakunyunyizia kutoka hapa nilipo. Mungu akuwekee watoto wenye subira, ng'ombe wasikaukiwe, na siku utakayoulizwa mti gani, jibu likutoke bila kuangalia dari.