Mwanangu Ndani ya Lubugo

Baba mkubwa wa mume wangu alijulikana kwa sanamu za majitu. Mkulima wa saruji pale Bukoba mjini, mwenye jembe begani na kisigino kikubwa kuliko kichwa changu, ni kazi yake. Saruji ilipoadimika akarudi Kishanda kukaa na sisi, akaanza kufinyanga vitu vidogo. Hakutuonyesha hata kimoja. Alivifungia kwenye kibanda nyuma ya migomba, mlango akaukaza kwa kamba.

Mimi sikupenda. Mtu aliyezoea kazi za kutazamwa na mkoa mzima, leo anaficha nini?

Siku za shamba la kijiji nilimwachia mke wake mwanangu wa miezi saba. Siku moja mvua ikatufukuza shambani mapema. Nikamkuta mzee amepiga magoti kando ya mkeka, ananyoosha uzi wa mgomba kutoka kisigino cha mwanangu hadi utosini.

“Unampima nini, baba mkubwa?”

“Urefu tu, mama.”

“Wa nini?”

Akakunja uzi wake, akautia mfukoni, akatoka.

Nimemaliza kidato cha nne, ushirikina siutaki. Lakini anayempima mtu aliyelala ni fundi wa majeneza, hilo halihitaji shule. Siku ya tatu mtoto akachemka homa. Zahanati wakanipa klorokwini. Homa ikabaki pale pale. Mume wangu alikuwa anafundisha Kahororo, anakuja mwisho wa mwezi. Nimwambie nani?

Mzee alipokwenda mkutano wa kijiji, nilimwacha mtoto kwa jirani ninayemwamini, nikachukua panga, nikakata ile kamba ya mlango.

Ndani kulikuwa na watu wa udongo, warefu kama kidole. Mwanamke anamenya ndizi. Mzee anatoa funza mguuni. Ningeweza hata kucheka. Lakini pembeni palikuwa na kitu cha ukubwa wa gunzi la mahindi, kimefungwa kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti, lililolowa maji. Nikafungua. Mwanangu! Amelala, ngumi shavuni, na sikio la kushoto limejikunja juu kidogo.

Wahaya wenzangu wanajua lile gome la mti linamfunga nani. Linamfunga maiti.

Nilitoka mbio hadi ofisi ya kijiji, nikakibwaga mezani mbele ya mwenyekiti. Shingo ikapata ufa. Wanawake wakapiga ukelele.

“Sema mbele ya watu,” nikamwambia mzee. “Umemzika mwanangu akiwa hai?”

Mkwe hamfokei baba wa mumewe. Mimi nilifoka.

Mzee hakuniangalia. Aliangalia ule ufa. “Waitu, jamani, udongo ukikauka haraka unapasuka. Lazima ukae kwenye kitu chenye unyevu. Magunia yote yamekwenda na kahawa. Lile lubugo ni shuka langu kuukuu.”

Mtu akadakia kutoka nyuma: “Fundi wa majitu! Siku hizi unatengeneza panya?” Watu wakacheka. Uso wa mzee ukabadilika, nikaona alichokuwa anakificha ni aibu ya kufanya vitu vidogo.

Sikungoja. Niliwaza ule ufa, nikawaza shingo ya mwanangu. Nilirudi mbio. Jirani alikuwa mlangoni na mtoto, nguo zimelowa jasho, analia kwa njaa. Homa imeshuka. Dawa au nini, sijui. Alinyonya mpaka akanikwaruza kwa kucha. Ndipo nikalitazama sikio lake la kushoto. Limejikunja juu kidogo. Miezi saba namwogesha, sikuwahi kuliona. Badala ya kupoa nikakasirika upya: alimtazama mwanangu kwa muda gani, na nani alimpa ruhusa?

Jioni nikamfuata mzee. “Kwa nini hukuniomba?”

“Yule mkulima wa mjini sikumwombea ruhusa kwa mtu.”

“Yule hana mama.”

Mke wake akaguna jikoni, sijui upande wa nani.

Asubuhi yake nilisikia hodi. Mzee alisimama nje, kofia mkononi, vidole vina udongo mbichi.

“Mama, naomba kumtazama mtoto. Nataka kuanza tena.”

Nikampakata mwanangu vizuri, uso kwenye mwanga.

“Mtazame ukiwa hapo hapo mlangoni,” nikamwambia.

Akasimama akatazama. Na mimi nikamtazama yeye, mpaka alipomaliza.