Ekseli Iliyong'aa

Ekseli ile ya zamani haikuwa imevunjika. Ilikuwa imelika tu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kwa miaka mingi nimelisimulia vingine.

Mkulima mmoja wa Mlali aliileta kwenye karakana yetu ya Nkuhungu, imeviringishwa kwenye gunia. Ilikuwa ya mkokoteni wake wa ng'ombe. Mhunzi wa kijijini kwao aliifua kwa moto na nyundo kutoka kwenye chuma chakavu cha lori. Ilikuwa nyeusi, ina makovu, na pale inapopungua unene ili gurudumu liingie, iliteremka kwa mviringo kama shingo ya kibuyu. Mzee alitaka nijazie tu palipolika.

"Mzee, hii imefuliwa kwa kubahatisha," nilimwambia. "Nikukerezee mpya."

Serikali ilikuwa imeruhusu tena bidhaa za nje, na nondo nene za chuma kipya zilianza kuonekana tena madukani. Nilikuwa nayo moja chini ya meza, nikitafuta kisingizio cha kuitumia. Kukereza, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichopoteza jalada na kurasa zake za mwisho. Kona isiyonyooka ilininyima raha ya kula. Kwa siku mbili nilikata, nikapima, nikakata. Pale mhunzi alipoacha mviringo, mimi niliweka pembe kali, safi kabisa.

Mzee alipoiona alicheka. "Eh! Hii ni ya mkokoteni au ya kutolea mahari?"

Baada ya mavuno alirudi kwa miguu. Ekseli ilikatika wakivuka korongo. Mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya magunia ya karanga, alianguka akavunjika mguu. Mzee akanipa kipande kilichobaki.

Kilikuwa kimekatika palepale kwenye pembe yangu. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Nyundo ilikuwa imekisukuma chuma cha mhunzi, nyuzi zake zikapinda kufuata umbo bila kukatika. Changu nilikikata, kisha nikauachia ufa mahali pazuri pa kuanzia. Hata hivyo kingeweza kuvumilia, laiti ningekubali ule mviringo ambao macho yangu yaliuona kuwa uchafu.

"Mlipakia magunia mangapi?" niliuliza.

"Kumi."

"Mlizidisha, mzee."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Nimeharibu kazi yako."

Nami nikajibu, "Usijali."

Nilimkerezea nyingine bure, yenye shingo ya kibuyu. Hakuuliza kwa nini imebadilika. Nilisikia kwamba huko Mlali anawasimulia watu juu ya wema wangu.

Miezi kadhaa baadaye mkewe alikuja mjini. Aliingia karakana akiegemea fimbo, mguu mmoja ukiburuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yao amesema nisipite bila kukushukuru."

Akafungua kanga, akatoa karanga zilizochemshwa na maganda yake. Maneno yote ya kukiri kosa langu niliyokuwa nimeyapanga yalikuwepo mdomoni.

Nilizipokea kwa mikono miwili.