Mtamba wa Kwanza wa Daktari Lofthus

Nimekaa mapokezi ya kliniki ya mifugo hapa Nordby miaka ishirini na sita, na nasema bila kumung'unya maneno: watu wa huku hawajui kusifia. Mpikie mtu wa Nordby mpaka alambe sahani, atakwambia si kibaya. Mke wa Bakke alipojifungua watoto watatu kwa mpigo, mumewe alitoka nje akatwambia mambo yameenda hivyo hivyo tu. Ndivyo tulivyolelewa Minesota hii. Ukijisifu kanisani kwamba kahawa yako ni tamu, Jumapili ijayo utainywa peke yako.

Sasa mchukue binti wa hapa, umwambie ajaze fomu ya chuo inayotaka ajisifu kurasa tatu.

Binti mwenyewe ni Britta Tollefsrud, miaka ishirini na minne, wa wale Tollefsrud wenye ng'ombe wa maziwa kule bondeni. Alianza kuja kliniki akiwa na miaka kumi na mmoja, anamshikia daktari wetu, Daktari Lofthus, mkia wa ng'ombe wakati anapima mimba. Akakua, akasoma, akafanya utafiti miaka mitatu juu ya ugonjwa wa kiwele. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kusomea udaktari wa mifugo na udaktari wa utafiti kwa pamoja, miaka minane, gharama zote juu ya chuo. Nafasi ni mbili kwa mwaka, na wanaoomba wanapita mia. Mwaka uliotangulia walimkataa. Alinambia, huku anasugua ndoo asinitazame, kwamba wakimkataa tena haombi mara ya tatu. Namjua, asingeomba.

Fomu ilitakiwa ifike kabla ya saa sita mchana, tarehe kumi na tano Septemba. Tarehe kumi na mbili nikamwambia anionyeshe.

"Saa ulizokaa na wanyama," nikasoma. "Mia mbili na kumi na mbili. Britta, wewe si umekulia zizini?"

"Nimehesabu zile ambazo mkono wangu ulikuwa unamgusa mnyama, shangazi."

"Na nyingine?"

"Nyingine nilikuwa nimesimama tu."

Nikashuka chini, kwenye utafiti. Miaka mitatu ya maabara, na makala iliyotoka kwenye jarida la wataalamu jina lake likiwa la kwanza kabisa, yeye kaandika hivi: *Niliosha vichupa.*

"Na makala je?"

"Nikiiandika itaonekana najionyesha."

"Fomu ni ya kujionyesha, mwanangu. Wanataka kukuona."

Nikaivuta kompyuta upande wangu. Tulivutana mpaka saa ya chakula, yeye anafuta, mimi naandika, na mwisho ukweli ukaingia wote. Alikaa pale ameinamisha uso, utadhani namvua nguo mbele ya watu.

Ikabaki barua ya Daktari Lofthus ya kumpendekeza. Maprofesa wawili walishatuma za kwao. Britta haruhusiwi kuisoma, ila mimi ndiye mchapaji, maana Daktari anachapa kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kilikanyagwa na fahali. Akaniletea karatasi. *Namfahamu Britta Tollefsrud. Hajambo. Ng'ombe hawajamlalamikia.* Chini kulikuwa na jedwali la kuweka tiki, mwanafunzi huyu ukimlinganisha na wote uliowahi kuwaona. Aliweka tiki kwenye "wastani" kuanzia juu mpaka chini.

"Daktari, hii ndiyo barua au ndiyo bahasha?"

"Ina ubaya gani?"

"Wastani?"

"Wastani ni jambo zuri. Mimi mwenyewe ni wa wastani."

"Mwaka jana uliandika hivi hivi?"

Akafikiri. "Ya mwaka jana ilikuwa fupi kidogo. Niliipeleka mwenyewe posta."

Damu ilinipanda kichwani. Mwaka mzima yule mtoto alikuwa anajiuliza amekosea wapi, kumbe aliyemchongea ndiye mtu anayempenda kuliko wote.

"Kizuri chajiuza, Ardis," akaniambia.

"Kitajiuzaje, nawe umekifungia stoo?"

"Simvishi mtu kilemba cha ukoka."

"Nani kasema umdanganye? Sema ulichokiona."

Akaenda kujaribu tena. Siku mbili zile aliniletea barua tatu, kila moja fupi kuliko mwenzake. Ya mwisho ilisema *Kama ilivyoelezwa hapo juu*, na hapo juu hapakuwa na kitu.

Tarehe kumi na tano asubuhi nilikuwa nafagia, nimekasirika, ndipo nikakumbuka maonyesho ya kilimo. Kila Agosti Daktari Lofthus huwa mwamuzi wa mitamba, wale ng'ombe majike ambao hawajazaa. Mpe kipaza sauti pale uwanjani, mbele ya ng'ombe, uone. Mwezi uliopita alimsifia mtamba wa Bakke dakika nne nzima, sauti inatetemeka, na watu wazima waliokuwa wanakula mahindi waliacha kutafuna.

Nikaingia ofisini kwake na fagio, nikamkabidhi mpini.

"Daktari, uwanjani kuna mitamba mia. Britta umemweka wa kwanza. Waeleze watu kwa nini."

Akalitazama fagio. Akanitazama mimi. Kisha akasimama, akavua kofia, akausogeza mpini karibu na mdomo, na mimi nikakimbilia kuchapa.

*Huyu namweka wa kwanza, na sikuhitaji kuzunguka mara mbili. Tazameni anavyotembea: hana haraka wala hamkanyagi mwenzake. Mgongo umenyooka. Miguu ni ya kusimama kwenye zege miaka mingi. Kifua kipana, moyo unapata nafasi. Hashtuki kwa kelele. Kila anachopewa anakila, na bado ana nafasi ya kukua. Ningekuwa na zizi langu ningemtaka yeye kabla ya wote, na wa pili asione aibu, kashindwa na huyu.*

"Na viboksi?" nikauliza.

"Si nimesema wa kwanza?"

Nikajaza vya juu kabisa, nikatuma saa tano na nusu, bila kugusa hata nukta.

Januari simu ikalia. Profesa wa kile chuo, mama mwenye sauti ya upole, anamtaka Daktari. Daktari hasikii vizuri, kwa hiyo simu zake huziweka kwenye spika, tunazisikiliza kliniki nzima. Chumba cha pili Britta alikuwa anaosha mabomba ya sindano.

"Daktari, ni kuhusu barua yako. Tunadhani pengine zilichanganyika. Inazungumzia mgongo."

"Mgongo ni mzuri."

"Sawa, lakini sisi tunauliza habari za mwanafunzi."

"Hata mimi."

"Una miaka mingapi kazini, Daktari?"

"Arobaini na mmoja."

"Katika miaka hiyo, umewaona wangapi kama yeye?"

Daktari akageuka kulitafuta fagio. Lilikuwa mbali, kwenye kona.

"Hakuna," akasema. "Mimi mwenyewe simfikii."

Chumba cha pili maji yakafungwa. Baada ya muda Britta akatoka anajifuta mikono, masikio mekundu.

"Daktari, dawa ya minyoo imebaki katoni moja."

"Agiza."

"Haya."

Habari hiyo hawajaizungumza tena mpaka leo.

Machi barua ikaja: amechukuliwa. Daktari aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akamrudishia.

"Si mbaya," akasema. Akasogea dirishani, akatugeuzia mgongo. "Nani sasa atanishikia mkia?"

Aliisema kwa ile sauti ya uwanjani, inayotetemeka, na safari hii hapakuwa na ng'ombe.

Agosti Britta akaenda chuoni. Jumatatu yake tukaitwa kwa Bakke, na mkia nikaushika mimi, na magoti yangu haya. Uliniponyoka mara tatu, ukamchapa Daktari usoni. Aliponawa akaniambia si mbaya. Nilimshukuru, ingawa alikuwa anadanganya, na tukarudi kwenye gari, kile kiti cha katikati alichokuwa anakaa Britta kikiwa kitupu.