Kabla Hujamleta Teria Uani

Naikumbuka Alhamisi moja ya hitima, mwanangu, niliyomharibia jirani yangu shughuli yake, kisha nikaharibu zaidi kwa haraka yangu ya kutengeneza. Sikupenda kuisimulia. Lakini juzi umenionyesha kwenye simu picha ya kibwa cha kizungu, teria, masikio yamekunjika, ukaniambia, "Mzee wangu, huyu mdogo tu, hana shida." Nikacheka, nawe ukadhani nimekubali.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa mhandisi mmoja mgeni aliyekaa Raskazone. Baba yangu aliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, akazeekea humo, kwa hiyo mimi kushika usukani na kuvaa shati lililopigwa pasi nilijiona nimefika. Mhandisi alikuwa na teria mweupe mwenye mabaka ya kahawia, kimo chake hakikuzidi ndoo. Jina lake la kizungu lilitushinda, tukamwita Karanga. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha aliniuliza kama namtaka yule mbwa, nikaitikia kabla hajamaliza kusema. Sikuuliza anakula nini, anaugua nini, anahitaji nini ili atulie. Kuuliza si ujinga, lakini kijana anayetafuta sifa huona kuuliza ni aibu.

Na sifa nilizitafuta, nisikufiche. Mtaani kwetu Usagara mbwa wote walikuwa koko, mimi peke yangu nina mbwa wa mbegu. Nilimpitisha barabarani na kamba nyekundu shingoni ili watu waulize. Wakishauliza, nikamrudisha nyumbani nikamfunga kwenye nguzo ya bomba kutwa nzima, kama tunavyofunga mbwa wa kulinda, nikaenda zangu kwenye kazi yangu mpya ya udereva. Kule Raskazone Karanga alikimbia ufukweni asubuhi na jioni, na katikati ya hapo alikuwa akiwinda panya kwenye stoo ya mhandisi. Nilikuwa nikimwona kila siku kwa macho haya, wala sikujifunza kitu. Sasa alibweka, akalia, akachimba mashimo kuizunguka nguzo. Nikasema ni utundu, nikafupisha kamba.

Upande wa pili wa ua wa makuti aliishi Bi Zuhura, mjane wa Kidigo, mwenye stoo ya nazi nyuma ya jiko. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mke wangu Anna alipojifungua mtoto wa kwanza, ndugu zetu wote wako milimani, ni Bi Zuhura aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga siku arobaini. Mtu wa namna hiyo humwambii kwanza kabla ya kuleta mbwa? Sikumwambia. Nyumba yake ilikuwa ya swala, na kwao mbwa akitia mdomo kwenye chombo, chombo hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilijua hayo tangu utoto, maana nimekua nao. Nilidhani ua wa makuti utatosha.

Alhamisi ile Bi Zuhura alikuwa na hitima ya marehemu mumewe. Masinia yameoshwa, yamepangwa juu ya jamvi uani, wali uko jikoni, wageni wanaanza kuingia. Panya akapita chini ya ua. Karanga alikuwa ameshaitafuna kamba yake. Akachimba tundu, mchanga unaruka nyuma yake, akaingia. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Niliposikia masinia yanagongana nilikimbia, nikamkuta amesimama katikati ya vyombo, panya mdomoni, kamkia kanatikisika, ananingoja nimsifu.

Wanawake walirudi nyuma wakikusanya kanga zao. Mmoja akasema, "Huyu apewe sumu tu, hana dawa nyingine." Bi Zuhura hakusema neno. Nilipomwomba radhi alijibu, "Nenda, baba, nenda," akawageukia wenzake awaambie walete udongo.

Ule ukimya wake ulinitia hofu kuliko matusi. Nikaufasiri nilivyotaka mwenyewe: kwamba mtu wa dini yake hawezi kukaa jirani na mbwa, na nisipomwondoa leo leo nimempoteza Bi Zuhura, nimempotezea na Anna mama. Hasira hasara, na hofu nayo ni ndugu yake. Mtaa wa pili palikuwa na lori linalokwenda Mkwaja kuchukua nazi, na dereva wake alimjua mkulima anayetaka mbwa. Karanga aliruka mwenyewe garini. Alidhani tunakwenda ufukweni.

Asubuhi yake Bi Zuhura akapiga hodi, mkononi sahani ya wali wa hitima, nyuma yake mpwa wake na toroli la mawe.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mawe haya tuyazike chini ya ua, asipate pa kuchimba. Mbwa yu wapi?"

"Nimemwondoa. Yuko Mkwaja."

Akaitua sahani kizingitini. "Nani kakutuma?"

"Nilidhani, kwa vile dini yenu..."

"Ulidhani! Kwangu si mlango huu hapa? Ungekuja ukaniuliza. Jana nilinyamaza kwa kuwa nina wageni na masinia ya kuosha. Nimeyaosha, yametwaharika, yamekwisha. Dini iliyonifundisha kuosha sinia ndiyo iliyonifundisha kuwa kiumbe hafungwi juani kutwa bila kosa. Wiki ya tatu hii namsikia analia, nakungoja uone mwenyewe, kumbe huoni. Kidogo vile kina nguvu za punda, umekinyima kazi, kimejitafutia. Kimenikamatia panya anayenimalizia nazi zangu, nawe ukakitupa! Nenda kamrudishe."

Hakuniambia karibu wali, hakuniaga. Nilisimama pale na umri wangu wote na shati langu la pasi.

Nilipata usafiri Jumapili. Nilimkuta Karanga amefungwa mnyororo kwenye mnazi, masikio yamejaa kupe, mbung'o wanamtesa. Zamani akiniona aliruka hadi kiunoni. Siku hiyo alisimama, akanitazama, akalala tena. Nililia, mwanangu, mbele ya watu nisiowajua, na sioni haya kusema.

Tukarudi. Tukayazika mawe. Nikaanza kuamka alfajiri nikimbie naye kabla ya kazi, na jioni tena, niwe nimechoka nisiwe nimechoka. Mara moja kwa wiki Bi Zuhura alifungua stoo yake ya nazi, akasimama mbali, akamwambia, "Haya fundi, kazi kwako." Panya waliihama stoo ile. Karanga aliishi miaka kumi na mmoja mingine. Lakini lori likisimama mbele ya nyumba, aliingia uvunguni mwa kitanda, hata alipozeeka macho yakaingia ukungu. Ningemwita, ningemwekea mfupa, hatoki mpaka lori liondoke. Miaka yote hiyo sikupata lugha ya kumwambia kwamba sitamtupa tena.

Sasa sikia. Ukipenda boga, penda na ua lake. Teria aliumbwa kuwinda na kuchimba. Usimchukue halafu umlaumu kwa kuwa teria. Kama huna saa moja asubuhi na nyingine jioni, mwache mwenye nazo amchukue. Mtengee kona yake ya kuchimba, na bata wa watu wawe mbali naye. Kwa muuzaji, usikubali kuletewa mtoto wa mbwa barabarani ndani ya boksi. Nenda ukamwone mama yake, na umwache anyonye hadi atimize miezi miwili. Daktari wa mifugo umjue kabla, upate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe. Mbwa huyu anaweza kuishi miaka kumi na mitano, kwa hiyo jiulize ukihamishwa kazi atabaki na nani. Lijibu hilo kwa jina la mtu, na mtu huyo awe amekubali. Na kabla ya yote hayo, bisha hodi kwa jirani, uulize, kisha ukae usikilize jibu lote.

Ukiyaweza, mlete, nami nitakuja kumwona. Mungu akupe subira kwa kiumbe asiyejua kusema, akupe jirani wa kukugombeza usoni akiwa na sahani ya chakula mkononi, na kila atakayekuamini, wa miguu miwili au minne, Mungu amjalie asijute.