Kitanda Mbea cha Wodi ya Malale

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni alinipa kitanda kitupu na shuka mbili, akaniambia nitandike. Nilitandika kama nilivyozoea nyumbani. Akaivuta shuka ya chini, akaitupa sakafuni.

"Hapa si kwa mama yako," alisema. "Mkunjo mmoja chini ya mgonjwa asiyejigeuza, kesho kutwa ni kidonda cha mgongo."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la uuguzi: kujua nani anajigeuza kitandani na nani hajigeuzi. Tulijua kwa macho na kwa mkono. Uhuru ulikuwa bado mbichi, wauguzi tulikuwa wachache, na mimi, binti wa fundi bati wa Tabora mjini, nilijiona nimebeba taifa zima begani.

Baada ya mafunzo nilipangiwa zahanati upande wa Usinge, ambako warina asali na wakulima walikuwa wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya msitu. Mbung'o walikuwa wengi kule. Ni nzi mkubwa, anachoma hata juu ya nguo, na ndiye anayeeneza malale. Walinichoma kama walivyomchoma kila mtu. Nilijikuna, nikaendelea na kazi.

Niliporudishwa Tabora niliwekwa wodi ya malale. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ugonjwa ule humgeuza mtu saa zake: mchana anasinzia na kijiko kikiwa mdomoni, usiku macho makavu. Daktari mmoja aliyetoka Dar es Salaam kuutafiti alikuja na chombo ambacho hatukuwahi kukiona. Ulikuwa mfuko bapa wa mpira, uliojazwa upepo na kulazwa chini ya godoro. Bomba jembamba lilitoka kwenye mfuko hadi kwenye kisanduku mezani. Mgonjwa akijigeuza, au akivuta mguu tu, upepo ulisukumwa, na kalamu ndani ya kisanduku ikaruka juu ya karatasi iliyozunguka polepole. Aliyelala fofofo aliacha mstari ulionyooka. Aliye macho aliacha vilima. Siku hizi vyombo vya namna hiyo mnaviita vihisi. Wagonjwa wetu walikiita kitanda mbea, kwa kuwa kilitangaza ulivyolala.

Baada ya muda nilianza kusinzia kazini. Nilisinzia nimesimama, beseni mkononi. Nyumbani usiku usingizi haukuja kabisa. Nilitoka uani, nikazunguka, nikarudi ndani. Baba alisikia komeo.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza asubuhi moja.

"Uani tu, baba."

"Uani kuna nini?"

Majirani walikuwa na jibu lao: binti wa fundi anakwenda dansi.

Mtauliza wauguzi wa malale walikosaje kuona malale. Kwetu sisi ulikuwa ugonjwa wa watu wa porini. Mimi nilivaa sare nyeupe.

Matroni alinionya, akanionya tena, mwishowe akanifikisha kwenye mkutano wa wafanyakazi. Walikuwepo wapishi, madobi, madereva, wote. Mwenyekiti wa tawi la chama alinisimamisha.

"Ndugu muuguzi, wenzako wanajenga nchi, wewe unalala. Usiku unakuwa wapi?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nakwenda dansi, ndugu mwenyekiti. Nimekuwa mvivu. Nimekuwa kupe. Naomba msamaha."

Sikuwahi kukanyaga dansi maishani mwangu. Lakini kwa kuitwa mvivu kila siku nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ndani yangu kuna kitu kibovu, na dansi lilikuwa jina jepesi la kukipa. Watu walinipigia makofi kwa kujisahihisha. Habari ilimfikia baba kwenye karakana yake kabla sijatoka kazini. Hakunipiga wala kunifokea. Aliacha kuitikia shikamoo yangu.

Ikawa daktari anataka mtu mzima wa afya alale kwenye kitanda kile, apate kulinganisha. Matroni akanisukuma mbele.

"Mchukue huyu. Kulala ndiyo kazi anayoipenda."

Wenzangu walicheka. Nilipanda kitandani na sare yangu, mchana kweupe, mbele ya wagonjwa niliokuwa nikiwaogesha, nikajifunika shuka hadi usoni. Nilikaa pale mchana na usiku wake. Kesho yake daktari alimwita Matroni, karatasi mkononi.

"Huyu mliniambia ni mzima?"

"Mzima, daktari. Mvivu tu."

"Hebu tazama."

Usiku kucha kalamu ilikuwa imepanda na kushuka. Mchana mstari ulikatikakatika kwa vipande vya usingizi. Aliilaza kando ya karatasi ya mrina asali mmoja wa wodini. Zilifanana kama pacha. Akanitoa damu, ikatazamwa kwa hadubini, vijidudu vikaonekana.

Matroni alitoka. Mngedhani nilifurahi. Niliona haya kuliko mwanzo, maana sasa hospitali nzima ilijua kwamba nilikiri jambo nisilolifanya, na hakuna aliyenishikia fimbo.

Dawa ya malale ya siku zile ilichoma mishipa kama pilipili, na maji ya uti wa mgongo yalitolewa kwa sindano ndefu. Nilikuwa bado kitandani baba alipokuja na uji. Nilimwamkia. Aliweka uji mezani kwanza.

"Marahaba, mwanangu." Akatazama mikono yake iliyojaa makovu ya bati. "Mbona ulikubali?"

"Wote mlikuwa mmekwisha kujua, baba."

"Mimi sikujua. Nilidhani."

"Na mimi nilidhani."

Hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo hadi alipofariki, kila mgeni aliyeketi kwetu aliambiwa, hata asipouliza: "Huyu binti yangu aliumwa malale." Alikuwa ananisafishia jina. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, kwani wengi wao hawakuwahi kusikia habari ya dansi, na sasa walitaka kujua kwa nini wanaambiwa.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, nikawa matroni mwenyewe. Mchana mmoja nilimkuta muuguzi kijana amelaza kichwa mezani. Akashtuka. "Nisamehe mama, ni uvivu wangu..."

"Usiseme hivyo," nilimkatiza. "Kwanza niambie unalalaje nyumbani."

Alikuwa na mtoto mchanga, basi. Nilimruhusu akapumzike. Wenzake walisema mama huyu mpole. Haukuwa upole. Sikuweza kuvumilia kumsikia mtu akijisingizia mbele yangu.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, muuguzi kama mimi, ana saa ya mkononi inayohisi mwili ukijigeuza usiku. "Bibi, ivae, kesho tuone umelalaje." Nilikataa. Alicheka, akidhani naogopa mitambo. Siiogopi; katika wodi nzima ni ule mpira peke yake ulionitangaza bila kunidhania. Lakini uzee umenipunguzia usingizi, na asubuhi mjukuu wangu akiniuliza nimeamkaje, namjibu kwamba nimelala vizuri. Saa ile ingenisuta.